Kipi umpe nani: riwaya tatu za vijana waliokimbia makwao

Kikundi chetu cha kusoma hukutana Jumamosi asubuhi huku Kayole, Nairobi, katika chumba ambacho siku nyingine ni darasa la chekechea. Viti ni vya watoto wadogo, kwa hiyo wanafunzi wa kidato cha tatu hukaa magoti yakikaribia kidevu. Baadhi yao wamezaliwa mtaani hapahapa. Wengine walikuja na wazazi wao kutoka Bukavu na Uvira, huko Kivu, mashariki mwa Kongo, na wawili walikulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab kabla familia zao hazijahamia mtaa wa Eastleigh. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, ingawa kila mmoja ana chake: huyu cha Nairobi, yule cha Kivu, na wale wawili chenye lafudhi ya Kisomali.

Mwaka huu michango yetu imetosha nakala kumi za kitabu kimoja. Tulikubaliana iwe riwaya ya vijana inayohusu vijana wenzao waliong'olewa makwao, na baada ya kuchuja nilibaki na tatu mezani. Nimezisoma zote mara mbili, mara ya pili nikiwa na wanafunzi. Naandika haya kwa mwalimu, mzazi, au mjomba aliyeko Columbus au Toronto anayetaka kumpelekea mpwa wake kitabu na hajui achague kipi. Ukiziangalia jalada zote tatu utadhani zinasema jambo lilelile, kumbe msomaji wa hiki si lazima awe msomaji wa kile.

Jambo moja la kujua mapema: zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo ugumu wa lugha ni sehemu ya uamuzi, na nitaurudia.

Kila kitabu kimebeba nini

Nianze na Refugee cha Alan Gratz, kilichotoka 2017. Kina watoto watatu wa nyakati tatu. Josef ni Myahudi wa Berlin, na mwaka 1939 anapanda meli ya St. Louis na wazazi wake na mdogo wake kwenda Cuba. Isabel ni wa Cuba yenyewe, na mwaka 1994 familia yake na majirani wanaingia baharini kwa mashua waliyoiunga kwa mikono yao ili wafike Miami. Mahmoud ni wa Aleppo. Mwaka 2015 kombora linabomoa nyumba yao, nao wanaondoka Syria kupitia Uturuki na Ugiriki wakielekea Ujerumani. Sura moja ni ya Josef, inayofuata ya Isabel, kisha ya Mahmoud, na kila sura inakatika pale hasa unapotaka kujua kilichofuata.

Meli ya Josef ilikuwapo kweli. Iliondoka Hamburg tarehe 13 Mei 1939 na abiria 937, karibu wote Wayahudi. Walipofika Havana waliruhusiwa kushuka 28 tu. Marekani na Kanada nazo zikakataa kuwapokea, meli ikageuza kurudi Ulaya, na baadaye abiria 254 kati yao wakafa katika mauaji yaliyofanywa na Wanazi. Nilipowasomea wanafunzi habari hiyo, mmoja wa wale waliotoka Dadaab aliuliza swali moja tu: "Walikuwa na karatasi?" Nikamjibu kwamba walikuwa nazo, wengi walikuwa wamevilipia vibali. Akatikisa kichwa kama mtu anayeijua hadithi hiyo tangu zamani.

Salt to the Sea cha Ruta Sepetys kilitoka 2016, na mwaka uliofuata kikapata Nishani ya Carnegie, tuzo ya vitabu vya watoto na vijana huko Uingereza. Hapa wasimulizi ni wanne, na tofauti na wale wa Gratz, hawa wanakutana. Ni majira ya baridi ya 1945 huko Prusia Mashariki, wakati huo sehemu ya Ujerumani, jeshi la Kisovieti linakaribia, na watu wanatembea juu ya theluji na barafu kutafuta bandari. Joana ni muuguzi kutoka Lithuania. Florian ni kijana wa Kiprusia mwenye siri ndani ya mkoba wake. Emilia ni msichana wa Kipolandi, ana miaka 15. Alfred ni baharia wa Kijerumani anayeamini kila neno la Hitler na anayemtungia msichana wa kwao barua kichwani mwake. Wote wanaelekea meli moja, Wilhelm Gustloff, ambayo usiku wa tarehe 30 Januari 1945 ilipigwa na topedo tatu za nyambizi ya Kisovieti. Inakadiriwa watu zaidi ya 9,000 walikufa. Waliokufa Titanic ni kama 1,500, lakini muulize mtu yeyote barabarani ni meli gani anayoijua.

Cha tatu ni When Stars Are Scattered, cha 2020, riwaya ya picha iliyoandikwa na Victoria Jamieson, aliyeichora, pamoja na Omar Mohamed, ambaye hadithi hii ni maisha yake mwenyewe. Omar na mdogo wake Hassan wamekimbia Somalia bila wazazi na wanakulia Dadaab, hapa kwetu Kenya. Hassan ana kifafa, na neno analolisema ni moja tu: hooyo, yaani mama kwa Kisomali. Mama mmoja jirani, Fatuma, anawalea kama wanawe. Siku moja Omar anaambiwa anaweza kuanza shule, na ndipo linapoanza swali linalobeba kitabu chote. Akiingia darasani, Hassan atabaki na nani?

Mkimbizi anayekimbia na mkimbizi anayengoja

Hapa ndipo vitabu hivi vinapoachana.

Kwa Gratz, kila mtu anakimbia. Mashua inavuja, askari wanafika, mtoto anazaliwa baharini. Mvulana mmoja wa kikundi chetu, ambaye hajawahi kumaliza kitabu, alikimaliza hiki kwa siku nne na akaja Jumamosi macho yamevimba. Hiyo ni kazi kubwa sana kwa kitabu, na sitaki mtu aidharau. Lakini soma na kijana aliyekimbia kweli, utaona kinachokosekana. Binti wa Uvira aliniambia kwamba safari yao kutoka nyumbani hadi mpakani ilichukua siku tatu. Kisha wakangoja miaka sita. Katika Refugee, siku tatu ndizo zinazojaza kurasa, na ile miaka sita haina pa kukaa.

Cha Sepetys kina mwendo wa namna nyingine. Sura ni fupi mno, nyingine hazifiki kurasa mbili, lakini watu wenyewe wanatembea polepole kwenye baridi. Wanakaa ghalani, wanahesabu viazi, wanatazamana kwa mashaka. Fundi viatu mzee aliye nao humsoma kila mtu kwa kutazama viatu vyake. Tulisimama hapo karibu saa nzima. Kila mwanafunzi alieleza viatu alivyokuwa amevaa siku aliyohama, hata wale waliohama tu kutoka Machakos kuja Nairobi. Hakuna aliyesahau.

When Stars Are Scattered kinaanzia pale ambapo vingine viwili vinaishia. Kukimbia kumeshapita, kumebaki kuishi: foleni ya maji, foleni ya mgao, siku ambazo chakula kimekwisha na mgao mwingine bado, mtihani utakaoamua nani aendelee na nani arudi kukaa nyumbani, na jina lako kutokea au kutotokea kwenye orodha ya wanaoitwa mahojiano ya kwenda nchi nyingine. Unaitwa, unahojiwa, kisha unaambiwa subiri. Mwaka unapita. Wakazi wa Dadaab wana neno lao kwa hali hii, buufis, ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomkaa mtu kifuani hadi maisha ya hapa yanakosa ladha. Waulize vijana wa Kisomali wa Eastleigh, watakueleza kuliko kamusi.

Tulipofika kwenye picha za foleni ya maji, yule binti wa Uvira aliweka kidole kwenye ukurasa na kuanza kuhesabu watu na majerikeni yao. Akaishia kwa mmoja aliye nyuma kabisa. "Mwalimu, huyu leo hapati," akasema. Kitabu hakikusema hivyo. Alijua mwenyewe, kwa urefu wa foleni na mahali kivuli kilipofika.

Kwa kijana aliyeishi kambini, kuona kungoja kwake kumepewa kurasa zaidi ya 250 za rangi ni heshima ambayo sijaiona kwingine. Kwa sababu hiyo kwangu kitabu hiki kina uzito kuliko vile viwili, na sifichi.

Je, kila mtu ni wa kwao kweli?

Vitabu hivi husifiwa kwa kukutanisha tamaduni mbalimbali. Nimejaribu kuvipima hapo kwa kuuliza: ukifuta majina, bado utajua huyu ni wa wapi?

Kwa Gratz, mara nyingi hutajua. Josef, Isabel na Mahmoud wanafikiri kwa namna inayofanana, kama ndugu watatu waliolelewa nyumba moja. Panapong'aa ni kwa Isabel. Anapiga tarumbeta, lakini mdundo wa clave, ule unaoshikilia muziki wote wa Cuba, hausikii ndani yake, na jambo hilo linamuuma. Kisha inabidi aiuze tarumbeta ili wapate petroli ya mashua. Watoto wangu hawajui clave, lakini wanajua kuuza kitu unachokipenda ili upate nauli.

Mwaka wa Isabel uliwachanganya kidogo. Kwetu ukitaja 1994, mtu anafikiria Rwanda. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo inakadiriwa watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi. Wengine kikundini wana shangazi na bibi waliokuwa wakati huo kwenye barabara za maziwa makuu. Ukisoma Refugee na vijana wa huku, tenga muda wa kusimulia 1994 yetu, la sivyo watabaki wakidhani bahari ndiyo njia pekee ya kukimbia.

Sepetys ni stadi zaidi katika hili. Baba yake alikuwa mkimbizi kutoka Lithuania, naye alifanya utafiti mrefu. Katika kundi lake lugha yenyewe ni hatari. Emilia akifungua kinywa na Kipolandi kikatoka, anaweza kuuawa na haohao anaotembea nao. Anapewa karatasi za mtu mwingine, wa nchi nyingine. Vijana wa Kikongo walilielewa hili kabla sijamaliza kueleza, kwa sababu wanakotoka kuna vizuizi barabarani ambapo jina lako na lafudhi yako ndivyo vinavyoamua. Na Alfred, yule baharia, walimchukia kwa moyo wote. Hilo nalo ni zuri. Ni mara chache riwaya ya vijana inamweka msomaji ndani ya kichwa cha mtu anayeamini uovu na kumwacha akae humo.

Katika When Stars Are Scattered hakuna haja ya kuuliza. Omar ni Msomali na Mwislamu, na kambi ni kambi, basi. Wasichana wana nafasi yao pia. Mmoja aliye hodari darasani anaozwa mapema, na kitabu hakimkaripii mzazi wala hakitoi hotuba. Kinaonyesha tu hesabu ambayo familia yenye njaa inaifanya. Wasichana wetu walinyamaza kwa muda mrefu, kisha wakaongea wote kwa pamoja.

Mambo mazito, uyajue kabla hujamkabidhi mtu

Refugee kina vifo, na kuna baba aliyetoka kambi ya mateso ya Dachau akiwa si yule tena, na mambo yanamfika mbali. Mtoto wa miaka 11 au 12 anaweza kukisoma, lakini asikisome peke yake. Kama amewahi kuvuka maji kwa mashua usiku, mwambie mapema kuna watu wanazama.

Salt to the Sea ni kwa wakubwa, miaka 15 kwenda juu. Ndani yake kuna ubakaji, haukuelezwa kwa undani lakini uko katikati ya maisha ya mmoja wa wasimulizi, na kuzama kwa meli kumeandikwa bila huruma. Najua walimu wanaokisoma na madarasa ya chini. Mimi sifanyi hivyo, hasa palipo na wasichana kutoka Kivu. Nina nakala moja, iko kabatini, na anayeitaka tunaongea kwanza.

When Stars Are Scattered kinagusa kifo cha baba, njaa, na kifafa cha Hassan. Kinaweza kusomwa na mtoto wa miaka 10. Tahadhari yangu ni nyingine kabisa: mwishoni Omar na Hassan wanasafiri kwenda Marekani. Kijana ambaye familia yake imengoja orodha hiyohiyo na jina halijatoka anaweza kufunga kitabu akiwa na uchungu. Ilitokea kwetu. Mvulana mmoja aliuliza kwa nini kitabu hakikuandikwa na yule aliyebaki, nami nilikubali kwamba swali lake ni la haki. Jiandae nalo.

Lugha, na uvumilivu wa msomaji

Kiingereza cha Gratz ni chepesi, sentensi fupi, matendo mengi. Kijana wa kidato cha kwanza anakimudu, ingawa kitabu ni kinene. Cha Sepetys kina karibu kurasa 400, na ingawa sura ni fupi, wasimulizi wanne hubadilishana kwa kasi na wanaficha mambo. Wengi wetu tulipotea kurasa hamsini za mwanzo. Dawa niliyopata ni kuwapa wanafunzi wanne sauti nne wasome kwa kupokezana. Baada ya hapo hakuna aliyepotea tena.

Riwaya ya picha ina faida ambayo sikuifikiria nilipokuwa nikichagua. Mwanafunzi ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea, kama wale walioanza shule kwa Kifaransa huko Kongo, anapata hadithi nzima kutoka kwenye nyuso na mikono, kisha anarudi kwenye maneno bila aibu. Kuna walimu wanaosema hiyo ni katuni, si kusoma. Waje Jumamosi moja.

Vipo viwili vilivyokosa nafasi kati ya vitatu vyangu bora, navitaja upesi. A Long Walk to Water cha Linda Sue Park, cha 2010, kinamfuata Salva aliyekimbia vita Sudan mwaka 1985 akiwa na miaka 11, akatembea hadi Ethiopia na baadaye Kenya. Ni kifupi, hakifiki kurasa 130, na kama una pesa kidogo na wasomaji wagumu, kinunue bila kusita. Inside Out & Back Again cha Thanhha Lai kimeandikwa kwa mashairi, kuhusu msichana aliyeondoka Saigon 1975 akafikia Alabama. Ni kizuri sana kwa mtoto aliyeko ughaibuni anayechekwa lafudhi shuleni.

Basi, kipi umpe nani

Kijana ambaye hajawahi kuhama na anadhani wakimbizi ni watu wa kwenye taarifa ya habari, mpe Refugee. Kitamshika shati. Kijana wa kidato cha nne na kuendelea, anayependa historia na asiyeogopa kukaa na watu wenye siri na hatia, mpe Salt to the Sea, na umsindikize. Mpwa wako aliyezaliwa ng'ambo na wazazi waliopitia kambi za Dadaab, Kakuma au Nyarugusu, ambaye nyumbani hakuna anayesimulia, mpe When Stars Are Scattered, halafu muulize mama yake kama naye angependa kukitazama.

Kwetu nakala kumi tulizonunua ni za hicho cha mwisho. Yule binti wa Uvira aliazima yake kwa wiki moja, akakaa nayo wiki tatu. Alipoirudisha aliomba radhi, akasema si yeye aliyeichelewesha. Mama yake hasomi Kiingereza, lakini kila usiku alikuwa akifungua kitabu chini ya taa na kupitia picha moja moja, akimweleza bintiye nani anafanya nini na kwa sababu gani, na jinsi ilivyokuwa kwao. Ukurasa wa foleni ya maji ulikuwa umekunjwa pembe. Sikuunyoosha.